Pumba Moto kwa Paka wa Mapaa ya Madebe

Mtu akistaafu huwa na mvi. Mimi nina miaka ishirini na tatu, nina mtoto anayenyonya kama mwenye kisasi, na nimestaafishwa. Maneno niliyoambiwa yalikuwa mengine, ya adabu, lakini maana yake ni hiyo: tumbo limeonekana, rudi nyumbani. Basi niko nyumbani hapa Majengo, nimekaa barazani, mgongo ukutani, na mchana kutwa sijui kama nimelala au niko macho. Nikifumba macho nawaona paka. Wanapita juu ya mapaa ya madebe, mmoja nyuma ya mwingine, polepole, jua limetanda chini ya nyayo zao, na hakuna anayelia. Nikifumbua macho naona nepi.

Nawaandikia nyinyi mlio kazini sasa pale zahanati ya wanyama upande wa pili wa Gikomba, na wasichana watakaokuja baada yenu. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuwahi kupewa. Nataka jambo moja tu. Msimu wa lami hurudi kila mwaka, na kila mwaka paka huletwa wamegandamana manyoya. Sitaki kusikia paka hata mmoja ametumbukizwa kwenye pipa la dawa ya kupe kwa sababu hakukuwa na mtu anayejua kumsafisha kwa njia nyingine. Njia ipo. Nilifundishwa, na nimekasirika kwamba ilibaki kidogo ipotee nami.

Niliajiriwa nikitoka shule ya sekondari. Ilikuwa miaka ile ya kuulizwa pasi na askari kila kona, na baba aliona afadhali nifanye kazi karibu na nyumbani, pahali ambapo watakaonitazama ni punda. Niliambiwa nitakuwa mwandishi: jina la mwenye mnyama, mtaa anaokaa, ugonjwa wa mnyama. Nilivaa sketi yangu nzuri, nikatia wino kwenye kalamu. Kabla sijaandika herufi moja, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe alinijia na kuniwekea paka mapajani.

"Shika hapa, binti. Si hapo. Hapo ataondoka na kidole."

Huyo ndiye Mzee Faraji. Alikuwa saisi, mtunza farasi wa mashindano, kwa miaka mingi, na alinukia udi upande mmoja na dawa ya viungo upande mwingine. Alikuwa na madaha kuliko bibi harusi, na alikuwa mwongo. Aliniambia farasi wake mmoja alielewa Kiarabu. Nilipomuuliza kama alikisema pia, alinitazama kwa huruma, akasema, "Farasi hasemi, binti. Ati umesoma?"

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja dogo, na jua la saa nane liliingia pale limelala upande, limejaa vumbi la pumba linaloelea bila kuanguka. Nikikumbuka kazi yangu, hicho ndicho ninachokiona kwanza, lile vumbi la dhahabu lisilokuwa na haraka. Kulikuwa na jiko la makaa, sufuria, magunia yaliyosuguliwa mpaka yakawa laini, vitambaa vya pamba, machanuo mawili na brashi ya farasi iliyozeeka nywele zikalainika. Kwenye rafu nilitegemea kuona dawa. Niliona pumba za ngano, unga laini wa mahindi, chupa ya mafuta ya simsim na birika la maji.

"Hapa ni zahanati au ni jikoni?" nikamuuliza.

Alichovya kidole kwenye mafuta, akalamba. Akanisukumia chupa. "Lamba."

"Mimi?"

"Kwani paka ana mtu wa kumlambia? Utakachomtia mwilini leo, kesho kiko tumboni mwake. Yeye hana taulo, ana ulimi. Basi hapa kwangu hakuna kitu kinachoguswa na paka kabla hakijaguswa na ulimi wa mfanyakazi. Ukisita kulamba, hicho kitu kirudishe kilikotoka, usimtie mnyama wangu."

Nikalamba. Nikalamba na pumba pia, zikanikwama kooni, naye akacheka mpaka kofia ikahama. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, tulisimama mbele ya rafu kama watu wanaosubiri futari, tukaonja kila kitu. Wafagiaji walituita walafi. Wacha waite. Mafuta ya simsim yaliyochacha niliyajua kwa ulimi, na maji yaliyochotwa na ndoo iliyokuwa na sabuni niliyatema palepale, yakamwagwa yote.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Paka hatiwi majini. Manyoya yake yakilowa mpaka kwenye ngozi atapata baridi, ataogopa, atakuchana, na hatakusahau. Unaweka pumba kavu kwenye sufuria, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka zipate joto. Zijaribu kwenye mkono wako upande wa ndani, penye mishipa. Zikikufanya uvute mkono, ngoja. Zikiwa kama pumzi ya mtu aliyelala karibu nawe, ziko tayari. Laza paka juu ya gunia penye jua, zishike kwa kiganja, zisugue taratibu ndani ya manyoya, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Usikaribie macho wala pua. Pumba hunywa mafuta, hubeba vumbi, hubeba ile harufu ya mtaro. Ziache kidogo, kisha pitisha brashi mpaka zitoke zote. Mwisho chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya vuguvugu, kikamue kana kwamba unakikomoa, ufute kwa kufuata manyoya yanakolala. Uso una kitambaa chake. Mkia wake ukianza kupiga gunia kushoto na kulia, nyanyua mikono. Amesema basi. Hata kama hujamaliza, amesema basi.

Siku ile ya kwanza nilishangaa kuona paka analala akisafishwa. Alifumba macho, akaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na mimi mwenyewe, ndani ya lile jua, nikahisi kichwa kinaelea. Mzee Faraji alinipiga kofi jepesi la bega. "Usilale kabla ya mgonjwa."

Sasa lami. Wageni hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Nyumba zetu Majengo zimeezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa na kupigwa misumari. Kila tundu la msumari ni mlango wa mvua. Kabla ya masika kufika, wanaume huchemsha lami uani, hupanda juu na kuziba tundu moja baada ya jingine. Wiki hizo mtaa mzima hunuka kama barabara mpya. Jua likipanda lami hulainika tena, na paka ana njia zake huko juu alizorithi kwa mama yake, hawezi kwenda kuuliza ipi imezibwa jana. Hurudi nyumbani ubavu mmoja umekuwa bati.

Hapo ndipo watu wetu hufanya kosa, na hulifanya kwa mapenzi. Kila mtu hapa akipata lami mkononi hujifuta kwa mafuta ya taa, inatoka. Basi anamwonea huruma paka wake, anammiminia mafuta ya taa, kisha anamsugua kwa sabuni ya mche.

Nakumbuka mmoja aliyetoka Kaloleni, mfanyakazi wa reli, tulimwita Baba Achieng. Alikuja mchana amefunga kitu ndani ya koti lake la Jumapili. Akalifungua juu ya meza yetu kama anaonyesha cherehani mpya.

"Angalieni," alisema. "Lami ilikuwa mpaka hapa. Nimetoa yote. Jana nimemwosha mara mbili na mafuta ya taa, nikamwosha na sabuni. Lakini sasa hataki kula."

Paka alikuwa anang'aa. Sijaona tena manyoya meusi mazuri kama yale. Lakini mate yalimtoka mfululizo, ngozi ya tumboni ilikuwa nyekundu, na alipumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Mzee Faraji alimnusa mdomo. Hakumkemea yule bwana. Aliniambia nipashe pumba, tukamfuta, tukaondoa harufu iliyosalia, tukamlaza kwenye joto. Tulikuwa tunatwanga maji, alikuwa amejilamba usiku kucha. Jua lilipohama kutoka kwenye gunia, paka hakulifuata. Paka asiyefuata jua, mjue amekwisha.

Baba Achieng alikunja koti lake polepole, mikono mikubwa ile, akipatanisha mshono na mshono. Akasema, "Lakini alikuwa safi."

"Alikuwa safi, ndugu yangu," Mzee Faraji akamjibu. "Kabisa."

Yule bwana alipotoka, Mzee alienda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo. Alikaa sana. Kisha akaniita, akanifanya nirudie, neno kwa neno, jinsi lami inavyotolewa. Nawarudishia nyinyi vilevile. Kwanza mfunge paka kwenye leso, kichwa nje, ule upande wa lami nje, asiweze kujilamba. Usivute, usikate karibu na ngozi. Tia mafuta ya simsim, au mafuta yoyote mnayopikia, kidogo tu, ukande kwa vidole viwili kama unakanda sikio la mtoto. Lami itaanza kulegea. Futa kwa kitambaa, kitupe. Tia tena, kanda, futa. Ni kazi ya uvumilivu, usiianze ukiwa na safari. Kipande kilichogoma, pitisha chanuo kati yake na ngozi, ukate juu ya chanuo, mkasi usiione ngozi kabisa. Baada ya hapo leta pumba moto zinywe mafuta yote, kisha kitambaa cha vuguvugu. Basi. Atakuwa na kipara pale ulipokata, na atakutazama kwa dharau kwa ajili ya hicho kipara. Mwache akutazame.

Macho ya Mzee Faraji yalififia, mwishowe akarudi kwao Pwani. Siku ya kuondoka alinipa brashi ya farasi, akasema farasi aliyeimiliki alikuwa mtu wa heshima. Kwa misimu iliyofuata chumba cha nyuma kilikuwa changu. Waliletwa paka waliolala kwenye makaa, paka waliotumbukia kwenye madumu ya mafuta ya gari, na paka mmoja wa muuza duka aliyekuwa akipakwa marashi ya waridi kila Ijumaa, hata akawa ananuka kama harusi na kuharisha kama mgonjwa. Nilimwambia mwenyewe, "Mama, marashi jitie wewe. Wewe hujilambi." Alinuna, lakini aliacha.

Kisha nikaolewa, kisha tumbo. Memsabu, yule Mzungu msimamizi wetu, aliniita asubuhi moja. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na haraka, maisha yake yote yalikuwa na haraka. "Zaina, kesho wewe hapana kuja," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mtoto nafika karibu." Nikamwambia anipe wiki nimfundishe msichana mwingine. Akasema kazi ya paka ni kazi ndogo, mtu atajifunza. Kazi ndogo! Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba brashi chini ya buibui kama mwizi, nikiwa nimejaa hasira hata mtoto akageuka tumboni.

Mtoto akazaliwa, nikazama. Wenye watoto mtanielewa. Siku zikawa maziwa na ukungu. Nilikuwa nikisikia mtaa unaishi huko mbali, wauza maji, mikokoteni ya Gikomba, na sikuhusika na lolote. Mpaka juzi, jua likiwa katikati, nyundo zikilia juu ya mapaa, Rukia alipokuja mbio amekumbatia aproni.

Rukia ndiye aliyechukua nafasi yangu. Ndani ya aproni alikuwa Sultani, paka wa Bi Mwanahawa. Mnamjua Bi Mwanahawa, anauza mahamri barabara ya pili. Hana mume sasa wala mtoto, ana huyo Sultani wa rangi ya mchanga, anayelala juu ya gunia la unga kama askari aliyesinzia lindoni. Ubavu wake wote na mkia vilikuwa lami tupu.

"Dada Zaina, wameweka pipa," Rukia akasema. Alikuwa anahema.

"Pipa la nini?"

"La dawa ya kupe. Ile ya mbuzi. Memsabu amesema kesho paka wote wanaochafuka watapita humo, mmoja mmoja, iwe haraka. Bi Mwanahawa amemleta leo, akaniachia mimi mkononi, akaniambia, 'Mwanangu, nirudishie kama alivyokuwa.' Nimetoroka naye kupitia nyuma. Sijui nimfanye nini. Hakuna aliyenifundisha kitu!"

Aliposema hivyo nikaamka. Sisemi kuamka kwa mwili. Ule ukungu wote ulitoka masikioni. Dawa ya kupe humwua kupe mwenye ngozi ngumu kama kiatu, na paka angeilamba yote, kuanzia nyayo hadi mkia, kwa bidii, kwa sababu mama yake alimlea vizuri.

"Nionyeshe," Rukia akaniambia, "nimsafishe hapahapa, tumrudishe, wasijue."

"Na kesho utatoroka na wangapi? Utawajaza kwenye aproni? Mshike vizuri. Twende."

Mama mkwe akauliza naenda wapi na mtoto mchanga juani. Nikamwambia kazini. Akasema, "Wewe huna kazi." Nikamjibu nitakuja nimjibu.

Uani pale zahanati pipa lilikuwa limesimama, maji meupe ya dawa ndani yake, yametulia kabisa, mawingu yakionekana humo. Memsabu alitoka akiwa amekunja mikono ya shati.

"Zaina! Wewe nakuja na mtoto? Hapa hapana mahali ya mtoto."

"Na humo," nikasema, nikionyesha pipa, "si mahali pa paka. Watakufa, Memsabu. Si wote siku moja. Mmoja leo, wawili kesho, majumbani kwao, na wenyewe watasema Mungu amepanga."

"Mimi hapana mikono!" akapaza sauti, na nikaona kumbe na yeye amechoka, macho yamemwingia ndani. "Kila siku paka, paka, lami, lami. Wewe nakwenda, hapana mtu najua hii kazi. Mimi nafanya nini?"

"Uliponiondoa niliomba wiki moja."

Mtoto akaanza kulia. Nikakaa kwenye benchi la wenye wanyama, nikamnyonyesha, na hapo nikatambua kwamba sina mkono hata mmoja wa kazi. Sultani alikuwa mikononi mwa Rukia, amefungwa leso yangu. Rukia akanitazama. Nikamtazama.

"Mafuta," nikamwambia. "Yalambe kwanza."

Akalamba, akakunja uso, akaanza. Nilisema kwa mdomo tu, mkono mmoja chini ya shingo ya mwanangu. Kanda. Usivute. Futa, tupa hicho kitambaa. Tia tena. Wenye wanyama wengine wakasogea, mwenye mbuzi, mwenye punda, mama mmoja na kuku. "Si hivyo, dada, msome usoni," wakawa wanamfundisha na wao, watu ambao hawajawahi kumgusa paka ila kwa ufagio. Lami ikaanza kutoka nyuzi nyuzi. Jua lilikuwa la alasiri, zito, na harufu ya pumba alizokuwa akizipasha mfagiaji mmoja ikatoka chumba cha nyuma ikatufunika sote. Ninaapa hata Memsabu alikaa. Alikaa kwenye benchi kando yangu, magoti yake makavu pamoja, akatazama. Kwa muda hakuna aliyekuwa na haraka katika uwanja ule. Mwanangu alilala na chuchu mdomoni. Sultani akafumba macho. Rukia alipitisha brashi ya farasi niliyokuja nayo, na vumbi likapanda, likasimama hewani.

Alipofunguliwa leso, Sultani alijinyoosha, akakaa, akageuza shingo na kuanza kujilamba ule ubavu. Tulimwangalia wote, kila mlambo. Alilamba, akalamba, kisha akahamia kwenye mguu kana kwamba hakuna lililotokea.

Memsabu akaita wafagiaji. Pipa likavutwa likapelekwa upande wa mbuzi, mfuniko ukawekwa. Kisha akanigeukia. "Zaina, wewe naweza kuja Jumatatu, Alhamisi? Fundisha hawa?"

"Naweza."

"Mtoto nabaki nyumbani."

"Mtoto ananyonya, Memsabu."

"Hapana mtoto hapa," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja ni saa ngapi.

Nilisimama, nikamfunga mwanangu mgongoni. Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza yote kwa sababu alikuwa amelala. Bi Mwanahawa alikuwa amefika langoni na unga mikononi, akampokea Sultani, akamnusa kichwani, akanitazama. Nikapita. Nikasimama nje ya ukuta, pale kivulini, nikijifanya narekebisha leso. Nyundo zilikuwa zingali zinalia huko Majengo, lami ikichemka, na paka wote wale wakiendelea na njia zao juani.

Ndani nikasikia sufuria inawekwa jikoni. Kisha sauti ya Rukia, kubwa, si ile ya mchana:

"Anayefuata!"